Siku ya Arobaini na Moja

Chumba cha wageni, nyuma ya kanisa
Jumanne, siku ya thelathini na sita ya Bunge

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na umpe Mama nusu yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako anachungulia. Goti lake linaendeleaje? Na ndama wamefika wangapi? Mume wangu Dell aliniambia kwenye simu kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa mapacha kwenye theluji, wewe ukawaingiza jikoni, na Mama akakufokea kwamba jiko lake si zizi. Nilicheka hadi mke wa mchungaji akaja kuuliza kuna nini. Sisi huku tu wazima. Anson amejaa mashavu, na ukimtajia Babu anageuza shingo kuangalia mlango. Maji yake nanunua ya chupa, usiwe na wasiwasi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, na wewe ukisikia nalia huwa unaanza kunieleza hali ya hewa. Kwa hiyo kaa chini, Baba, usome taratibu.

Jana kamati ilisikiliza ule mswada wa visima. Unaujua, lakini niuseme hapa kama ulivyo: kaunti ipime bure maji ya kisima kwa kila nyumba yenye mtoto mchanga, ili kama mbolea imepenya ardhini, mama ajue kabla hajakoroga maziwa ya kopo. Basi, hakuna kingine. Nilipewa dakika mbili. Mbele yako kuna taa, ikigeuka nyekundu unanyamaza hata kama uko katikati ya neno. Niliwaambia jinsi Anson alivyogeuka bluu kwa maji ya kisima chetu mwishoni mwa Januari, midomo kama aliyelamba wino, na jinsi wewe ulivyombeba kifuani ndani ya koti ukakimbia naye hadi kwenye gari. Taa ikawaka kabla sijafika hospitali. Bibi mmoja wa kamati akaniashiria kwa mkono nimalize tu, lakini mwenyekiti akasema sheria ni sheria, mama, pole.

Halafu Mheshimiwa Tveit akaomba kusema. Nikafurahi, Baba! Nilijiona niko nyumbani. Mbunge wetu mwenyewe, rafiki yako tangu shule, mtu aliyekula keki kwenye harusi yangu. Akasema habari ya mtoto imemgusa sana, kisha akatoa hoja kwamba mswada uahirishwe hadi siku ya arobaini na moja. Wakapiga kura, wanane wakakubali, watano wakakataa. Wale wanane wote wa chama chetu. Nikapiga makofi. Nilipiga makofi peke yangu chumba kizima. Nikamfuata Tveit mlangoni, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru kwa kutupa muda zaidi, na yeye akaangalia viatu vyake.

Nikatoa kalenda yangu ndogo nikaanza kuhesabu hiyo siku itaangukia lini. Bi Arlys, yule mama mzee anayelinda mlango wa ukumbi, akaniuliza nahesabu nini. Nilipomwambia akanishika bega. Akasema, mwanangu, usihesabu. Bunge letu ni siku arobaini tu. Ya arobaini na moja haipo, haijawahi kuwepo. Ndivyo wanavyozika mswada humu ndani bila mtu kusikika akisema hapana. Akaniambia si mimi wa kwanza, kuna mkulima mmoja mwaka juzi alirudi na suti mpya siku hiyo aliyoihesabu, akakuta wafagiaji tu.

Nikaifunga kalenda, Baba. Nilikaa kwenye ngazi za marumaru na Anson mapajani, watu wanatupita na mafaili yao. Watu wazima, waliosoma, wana siku ya uongo waliyoitunga, na wanaitaja kwa uso mkavu mbele ya mama na mtoto wake!

Nilimkuta Tveit kwenye mgahawa wa chini anakunywa supu. Nilimuuliza imekuwaje atufanyie hivi. Akaanza na maneno ya juu juu, kwamba chama kilishakubaliana faraghani kabla ya kamati kukaa, kwamba mnadhimu wa chama anahesabu vichwa na anayechepuka ananyang'anywa nafasi zake kwenye kamati. Nikamwambia Anson naye ana kichwa, naomba nacho kihesabiwe. Hapo akasukuma bakuli pembeni. Akasema, Kirsta, mbona unanikodolea macho mimi? Mimi nimefuata mwenyekiti wangu wa chama kwenye kaunti. Akafungua faili akanigeuzia karatasi.

Ilikuwa barua ya kupinga mswada, na chini yake sahihi yako, Baba. Ile V yako yenye mkia mrefu. Tarehe ni Jumapili ya kwanza ya mwaka. Imeandikwa kwamba familia za kaunti yetu zinavijua visima vyao vizuri, na hazihitaji serikali ije kuziambia maji gani ya kunywa.

Niliisoma mara tatu. Nilitaka kumrushia Tveit usoni. Nilitaka, nisamehe, kukurushia wewe. Nikawaza: mtu yule aliyevunja kioo cha gari kwa haraka ya kumwingiza mtoto, ndiye huyu?

Halafu nikaikumbuka Jumapili ile, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Tulikuwa tumetoka kanisani. Mama alitoa keki ya tufaha. Ofisi ya chama ilikuwa imeleta lile boksi la barua arobaini na kitu, zimeshapigwa chapa, kama kila mwaka. Wewe ulikuwa unatia sahihi huku unabishana na Dell juu ya trekta, ukasema watu wa chama kile kingine wangeweza hata kuitoza mvua kodi, sote tukacheka. Na aliyekuwa anazipokea mkononi mwako alikuwa mimi. Nilizikunja, nikazitia kwenye bahasha, nikazilamba nikafunga, kama nilivyofanya tangu nina miaka sita. Kesho yake nikazipeleka posta mwenyewe.

Hii, Baba, sijamwambia Dell. Barua iliyoua mswada wa mtoto wangu ilipita mikononi mwangu, mtoto mwenyewe amelala mapajani, na sikusoma hata mstari mmoja. Nilipomaliza niliinuka nikakoroga maziwa yake kwa maji ya bomba lile la jikoni, yanayotoka kisimani. Kwa hiyo siwezi kukushtaki. Wewe ulitia sahihi bila kusoma, nami nilikunja bila kusoma, kwa sababu ilitoka kwa watu wetu.

Lakini haijaisha. Mheshimiwa Zastrow wa chama kile kingine, ndiye mwenye mswada, amenieleza kwamba kuna njia moja imebaki. Wenyewe wanaiita kufukiza moshi: theluthi ya wabunge wakisimama ukumbini, kamati inalazimika kuuleta mswada mbele ya wote upigiwe kura, itake isitake. Wanahitajika ishirini na wanne. Chama chake wapo kumi na sita, na saba wa chama chetu wamemwahidi kimya kimya. Amepungukiwa mmoja tu. Nilirudi kwa Tveit asubuhi hii. Akasema hawezi kusimama kinyume cha maandishi ya mwenyekiti wake, kura za mchujo za mwezi wa sita zitammaliza. Lakini mwenyekiti akiyaondoa maandishi yake, atasimama. Alinipa mkono, safari hii akaniangalia machoni.

Watasimama Ijumaa asubuhi. Posta wameniahidi barua hii itakufikia kesho. Dell anakuja kutuchukua, anatoka huko Alhamisi asubuhi.

Humu ndani nimeweka karatasi nyingine. Nimeiandika kwa mkono wangu, hakuna ofisi iliyoitunga. Inasema kwamba wewe, mwenyekiti, unaiondoa barua yako ya Januari, na inaeleza sababu kwa mistari minne. Najua watakachosema wenzako kule kwenye ghala la nafaka. Watakuita jina la chama kile, watakuuliza kama binti yako ndiye anayekuendesha siku hizi. Najua pia hicho kiti umekikalia miaka kumi na tisa. Usitie sahihi kwa ajili yangu. Isome kwanza, yote, kwa sauti, Mama asikie. Neno usiloliamini likate kwa kalamu. Ikibaki hata mistari miwili, tia sahihi umpe Dell.

Msalimie Mama sana, na wale mapacha wa jikoni. Anson anakutumia alama ya kidole chake hapa pembeni, ameigonga mwenyewe kwa wino wa mke wa mchungaji. Ijumaa tutakuwa juu kwenye roshani, mimi na yeye, nikiwahesabu wanavyoinuka.

Ni mimi binti yako, niliyekuwa nakunja bila kusoma,

Kirsta