Shingo Iliyogeukia Burundi

Mama Hanifah, nakuomba unisikilize, maana hapa kambini Nakivale, Uganda, nimebaki na woga tu. Bwana wangu Libère alianza kusikia watu wanamtukana ambao sisi hatuwaoni, akawa halali, chakula anakataa anasema nimetia sumu, mimi mke wake, tukamfikisha Mbarara kwa muganga wa akili akapewa vidonge vya haloperidol, na kweli akalala, akaamka akamwita mtoto wetu Élyse kwa jina, kitu kilichokuwa kimepotea siku mingi, nikaenda kulia nyuma ya nyumba asinione. Halafu jana shingo ikageuka upande ikakaza, macho yakapanda juu, taya ngumu, kuongea ni shida, na uso unaangalia kule kwenye njia tuliyotokea Burundi. Mama mkwe Georgette akapiga magoti. "Baba yake anamwita," akasema. "Tulikimbia bila kumzika, sasa anamgeuza mwanawe arudi." Vidonge amevifunga kwenye kitenge chake, anataka tupite mpaka wa Kikagate turudi tukazike. Jirani naye ananiambia, "Mama Élyse, kamuibie kimoja, umtilie mumeo kwenye uji." Shingo bado iko vile. Nikimpa dawa naogopa itavunjika, nikimnyima naogopa wale watu wa kichwani watarudi, na nina mtoto ndani ya nyumba. Nifanye nini?

Mama Élyse, Nakivale

Mama Élyse, jibu hili nimekutumia kwa simu kwanza, kwa sababu shingo haingoji redio. Sasa wasikie na wengine.

Marehemu hajageuza kitu. Ni dawa. Dawa za aina hiyo, hasa siku za mwanzo, zinaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho. Hebu Mama Georgette aniambie: Libère angekuwa amekaa akitazama upande wa pili, si shingo ingeelekea Kampala? Huko nani angemwita? Lakini namhurumia. Mume asiyezikwa ni kidonda. Amwombee misa, asikitibu kidonda hicho kwa shingo ya mwanawe.

Mpeleke kituo cha afya leo, sasa hivi, na pakiti ya vidonge mkononi waone jina na kipimo. Iko dawa ya kulegeza misuli hiyo. Akishindwa kumeza au kupumua, au akipata homa kali huku mwili umekakamaa na akili imevurugika, hiyo ni hatari ya kufa, kimbieni hospitali. Kidonge kingine asinywe mpaka muganga amwone: atapunguza, au atabadilisha. Ila kuacha moja kwa moja kwa amri ya kitenge, hapana. Ugonjwa hurudi, mara nyingine kwa nguvu kuliko mwanzo.

Na wewe mwanangu, kwa huo uji nakugombeza. Mtu aliyeogopa sumu ya mkono wako, umtilie kitu kwa siri? Akigundua, hatakula kwako tena. Mwambie wazi ni nini na ni cha nini. Akisahau kimoja asimeze viwili pamoja. Pombe aache. Vidonge vikae mahali Élyse hafiki.

Nenda naye, na mama mkwe aje, asikie kwa masikio yake. Akisema tena Libère anaitwa, mwambie anayemwita ni Élyse, tena yuko hapa nyumbani, hai, anasubiri baba ageuke.