Neno Jamaa

Matrah, Maskati
Novemba 1967

Dada yangu mpenzi Hind,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta wewe na wanao katika afya njema, na lile goti lako limepoa. Huku sisi wazima, ila tumechoka. Joto limepungua kidogo, lakini maji ya kisima bado yana chumvi, na chai inayopikwa kwa maji hayo hainyweki. Mke wangu Nasriya anasema akipata kikombe kimoja cha chai ya Mombasa atalia.

Wakili Thabit aliniandikia tangu mwezi wa nane, na barua yake niliisoma mpaka kichwa kikaniuma. Alisema serikali huko inadai kodi ya mirathi kwa nyumba ya Mombasa, kwa kuwa Shangazi Mahbuba amefariki. Nilishangaa, maana nyumba haikuwa yake. Baba aliiweka amana, akampa dada yake mamlaka ya kuchagua tu: kabla hajafa, ampe amtakaye katika jamaa. Basi mkalimani wao akatafsiri jamaa kuwa watu. Ati Shangazi angeweza kumpa yeyote, hata kujipa mwenyewe, kwa hiyo ihesabiwe mali yake na itozwe. Kodi hiyo hatungeiweza bila kuiuza nyumba. Mali ya Unguja yote yalikwenda na mapinduzi. Tumebakiwa na hiyo, nawe ndimo unamolala na watoto.

Wallahi hasira zilinipanda. Mkalimani huyo hakumjua Shangazi. Sote twasema yule jamaa kwa mpita njia yeyote, lakini yeye hakukubali kamwe. Kabla hajaugua nilimwita mchukuzi wa sokoni jamaa, akaniuliza kazaliwa na nani katika sisi. Hayo niliyaapa mbele ya kadhi, pamoja na jirani yetu Mzee Majid, na sasa Wakili amejibu kuwa wamekubali: jamaa ni ndugu wa damu, na mwenye kuchagua hajichagui mwenyewe. Kodi imeondoka.

Najua ungependa niishie hapa. Sina nguvu ya kuficha tena, Hind. Shangazi alikwisha kuchagua. Alituita mimi na Mzee Majid kitandani kwake, akasema nyumba ni ya Aliya. Ndiyo, Aliya aliyelelewa na Shangazi, aliyetupikia na kutufulia, tuliyemwita mtoto wa watu miaka yote. Nilidhani homa imempanda kichwani, nikamwambia huyo si jamaa. Akanijibu, "Nna akili zangu, Mahfoudh. Huyo binti wa Marhoon, babako."

Baba alimwoa mama yake Aliya huko Pemba kabla ya kumwoa mama yetu, akaficha kwa kumwogopa Mama. Ndiyo maana hakutaja majina katika amana. Alimwachia dada yake amtaje, Mama atakapokuwa hayupo. Kiapo changu kilichoiokoa nyumba ndicho kilichompa Aliya, maana naye ni damu yetu, nami nilijua hivyo nilipokuwa nikiapa.

Aliya mwenyewe hakufurahi wala hakulia. Amesema ukae na wanao mpaka uchoke mwenyewe. Mimi naona haya kumtazama anapoleta sahani. Kaniomba jambo moja tu, atajwe katika salamu kwa jina la babaake.

Nasriya na watoto wanakusalimu sana. Mzee Majid anakusalimu. Na dada yako Aliya binti Marhoon anakusalimu, anauliza hali ya goti lako.

Ni mimi nduguyo,
Mahfoudh bin Marhoon