Mkate Usio na Chumvi

Chumba cha nyuma ya tanuri,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani huko kwenye baridi? Na mgongo je, umeacha kukusumbua? Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Nina mengi, kwa hiyo vuta kiti ukae. Hukunipa jina la Redio bure.

Najua kwa nini simu zako zimekatika. Tangu mama alipokuuliza, "Wewe ni nani mwenzangu?" umekaa kimya miezi minne. Sikulaumu. Dada aliyekubeba mgongoni akusahau, si jambo dogo hilo. Hata mimi nililia. Lakini nisikilize kwanza.

Unakumbuka baada ya kile kiharusi mkono wake ulipona upesi, akarudi kukanda unga kama vile hakuumwa. Daktari alikuwa amemwambia apunguze chumvi. Basi mikate ikaanza kutoka haina ladha kabisa, nasi tukampongeza kwa utii! Wateja walitafuna wakavumilia, maana nani atamkosoa mgonjwa anayefuata masharti? Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, alikuwa anakuja na chumvi yake mfukoni, anainyunyiza nje ya mlango mama asimwone.

Siku moja nikamsifu mama tena. Akaonja kipande, akakaa juu ya gunia la unga, akaniangalia.

"Mwanangu, sikupunguza. Nilisahau."

Kumbe siku zote tulikuwa tunaupigia ugonjwa makofi.

Kesho yake nikampeleka kliniki. Kuna dada wa lishe pale, mama kambatiza Mama Vipimo kwa sababu kila akimwona anamtoa damu. Majibu yakaonyesha vitamini B12 iko chini mno, na foleti, ile vitamini ya mboga za majani, nayo vilevile. Tangu augue alikuwa anaishi kwa chai na mkate, nyama na mayai anatugawia sisi, na mimi mjinga nakula. Mama Vipimo hakutudanganya. Alisema kilichoharibiwa na kiharusi huenda kisirudi. Ila upungufu huo wa kwenye damu nao unaweza kuvuruga kumbukumbu, na huo una dawa.

Sasa ni sindano, maini, mayai na mboga za majani, nami nimemsimamia kama askari. Analalamika kwamba namnenepesha kama ng'ombe wa mnada. Kila baada ya wiki sita anapimwa damu, kisha anaulizwa leo siku gani, ahesabu kurudi nyuma, ataje maneno matano aliyoambiwa. Mara ya kwanza alikumbuka mawili. Juzi kakumbuka manne, la tano akadai halikuwa na maana. Zipo siku bado anatafuta miwani aliyoivaa, sikufichi. Na karatasi ya chumvi tumeibandika ukutani: kijiko kimoja, basi.

Sasa ya jana asubuhi. Ametoa trei, mkate mmoja umeungua pembeni, nikanyoosha mkono niutupe. Akanichapa kofi mkononi.

"Huo wa mdogo wangu. Yeye anapenda ulioungua."

Akaufunga kwenye karatasi, akauweka rafu ya juu, akaniuliza utapita saa ngapi kuuchukua. Nilijidai nafagia ili asione machozi. Nikamkumbusha kwamba uko mbali. Akafikiri kidogo, akasema basi angalau upige simu.

Nisalimie mkazamjomba na wale pacha wenu. Mwalimu mstaafu anakusalimu, siku hizi anakuja mfuko mtupu.

Piga, Mjomba. Asubuhi ndiyo kichwa chake kinakuwa chepesi. Huenda akakuuliza tena wewe ni nani, na usiumie. Mwambie wewe ni yule wa mkate ulioungua.

Mungu akutunze na mgongo wako huo.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukinuna,
Redio