Risasi za Baba Mkwe

Kawangware, Nairobi
9 Agosti 1953

Dada yangu Philister,

Nakusalimu wewe, baba, mama na mtoto Wahu. Kikohozi cha mama kimepungua? Sisi huku tunapumua. Mgongo unaniuma kwa kuchimba mitaro, lakini Nairobi mgongo usiouma ni wa mtu asiye na kazi.

Naandika Kiswahili, si lugha yetu, kwa sababu mumeo Kihara amesimama nyuma yangu anasoma juu ya bega. Anasema nikiandika Kijaluo hatajua kama namsengenya. Sasa anataka niandike kwamba amenenepa. Hajanenepa.

Ujumbe wa baba ulifika. Kihara aliposikia baba anaomba risasi za kufunga kwenye nyavu ili zizame vizuri, alinifanya nirudie maneno yale kama mtu anayefundishwa katekisimu. Unajua mwenyewe, tangu akuoe baba hajamwomba hata maji ya kunywa. Humwita "yule mtu wa Philister". Basi sasa kila nyumba ya Wazungu tunayofanyia kazi Kileleshwa, tajiri wetu kalasinga akibadilisha mabomba ya zamani, Kihara hupiga magoti akakwangua ile risasi iliyozibia maungio. Kalasinga amemruhusu, kwake hiyo ni taka. Jioni anaiyeyusha kwenye mkebe na kumimina vipande vidogo vyenye tundu. Chumba chetu kinanuka kama karakana.

Jumamosi tulikuwa hoteli ya chai kule River Road, naye kwa furaha akasema kwa sauti, "Ogutu, risasi sasa zimetosha, mzee atafurahi." Mtu mmoja akaacha mandazi yake akatoka. Nikamvuta shati. "Wewe Mkikuyu mzima, siku hizi za Hali ya Hatari, unataja risasi mbele ya watu?"

"Niiteje basi?" akasema. "Jina lake ni risasi."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mzigo anauleta Dalmas wa kwetu Asembo, anakuja likizo.

Ndugu yako,
Ogutu


Asembo
30 Agosti 1953

Kaka yangu Ogutu,

Pokea salamu zetu, na pole kwa mgongo. Mama bado anakohoa lakini anagombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua ataishi. Wahu ameota meno mawili na anamng'ata baba.

Risasi zilifika. Baba alizipima mkononi moja moja. Kisha akamwambia Dalmas, mbele ya watu, "Mkwe wangu ana mikono." Kaka, alisema mkwe wangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Msomee Kihara maneno hayo, kama hajayasoma tayari. Mwambie pia afunge mdomo hotelini. Alinirudisha huku kwetu ili niwe mbali na askari wanaopekua vyumba usiku. Mimi niko salama. Yeye je?

Dada yako,
Philister


Kawangware
22 Novemba 1953

Dada yangu,

Nakujulia hali. Keti chini kwanza, umpe mama mtoto.

Kihara amekamatwa. Ni mzima, nimemwona kwa mbali, ana jeraha mdomoni. Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, maana huko utasikia ya watu.

Baada ya ile Jumamosi alikuja mtu mmoja kazini, Mkamba, jina lake Hezekiah. Mtu mpole, anavua kofia akikusalimu. Alisema ananunua vyuma vikuukuu, na amesikia Kihara ana risasi. Kihara akamwonyesha donge lililobaki, la kufunga kwenye nyavu. Hezekiah akacheka sana. "Kumbe ya nyavu." Nilikuwepo, nilicheka pia. Jambo lingeishia hapo, dada. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba hakuna kitu.

Akarudi. Safari hii alitaka kipande cha bomba la chuma. Kihara akamwambia bomba ni la kalasinga, si lake. Akarudi tena, akasema waziwazi kwamba bomba linapelekwa kwa watu wa msituni, wanatengeneza bunduki. Kihara akamwambia, "Ondoka hapa, na usirudi." Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nilikuwa ndani ya mtaro.

Mara ya tatu ya kuomba bomba sikuwepo. Kihara aliniambia usiku huo, hakuweza kula. Hezekiah alimwambia, "Wenzako msituni wanauliza wewe uko upande gani. Umeoa Mjaluo, unalala chumba kimoja na Mjaluo, na sasa unawanyima. Mama yako si anakaa Dagoretti? Nyumba ile ya kona?"

Nikamwambia aende polisi. Akanitazama kama mtoto. "Mkikuyu aende polisi kusema watu wa msitu wamemwomba chuma? Watanifunga mchana, na wale wengine watamchinja mama usiku."

Basi alichukua kipande kilichokatwa, chenye kutu, kile kalasinga alichokitupa nyuma ya banda. Alikipeleka sokoni Dagoretti, nyuma ya vibanda vya nyama, kama alivyoagizwa. Hezekiah alikipokea, akavua kofia. Kofia ndiyo ilikuwa ishara. Askari wakatoka kila upande.

Hezekiah si mtu wa msitu na hajawahi kuwa. Analipwa na polisi.

Bado naandika Kiswahili. Nimezoea.

Ndugu yako,
Ogutu


Asembo
13 Desemba 1953

Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tupo.

Nimesoma barua yako mpaka imeraruka kwenye mikunjo. Baba anasema, "Aliyetoa ametoa." Anasema Hawa naye alimsingizia nyoka na Mungu hakukubali. Mama akamjibu kwamba hata hivyo Mungu alimlaani nyoka kwanza. Tangu siku hiyo hawazungumzi. Na baba amezitoa zile nyavu majini, zimekauka uani, hakuna anayezigusa.

Mimi nina swali moja tu, nalo silali kwa sababu yake. Kihara alitaka, au alitakishwa? Maana namjua. Ni mtu wa kuogopa hata kuvuka barabara. Kama Hezekiah asingekuja, leo angekuwa wapi? Angekuwa mtaroni na wewe, anakuibia sigara.

Wewe ulisikia akikataa. Nenda ukaseme mahakamani. Najua kalasinga anaweza kukufukuza na askari wanaweza kukuandama. Nakuomba hata hivyo. Sina mwingine.

Dada yako,
Philister


Kawangware
31 Januari 1954

Dada yangu Philister,

Salamu. Nimekwenda, nimesema. Soma polepole.

Walinisimamisha mbele ya jaji. Ninajua Kiingereza cha "leta maji" na "chimba hapa" tu, kwa hiyo nilisema Kiswahili, na kijana mmoja msomi kutoka pwani akawa anageuza. Nilitaka waelewe jambo tangu mwanzo. Nikasema, "Kihara alikuwa anatafuta risasi za baba mkwe wake."

Mkalimani akageuza. Nikaona jaji anaacha kuandika. Nikaona Kihara anafumba macho.

Dada, aligeuza kuwa risasi za bunduki. Kwake yeye hakuna risasi nyingine, hajawahi kuona nyavu zetu. Nikasema, "Siyo hizo, ni zile za samaki," na watu wengine wakacheka. Askari akaniambia nijibu ninachoulizwa. Wakili Mhindi aliyewekwa na serikali akasimama, akaeleza vizuri, wakanielewa, wakafuta. Lakini neno likishatoka linafutwaje? Nilikwenda kumwokoa, na nimemtia risasi mikononi mbele ya jaji. Sitajisamehe.

Kisha nikasema jinsi alivyokataa. Jaji akaniuliza, "Aliambiwa bomba linapelekwa kwa nani?" Nikasema aliambiwa. "Akalitoa?" Nikasema alilitoa, kwa hofu. Akaandika. Sidhani aliandika hofu.

Wakili alimuuliza Hezekiah swali lako hasa, kama vile ulikuwa umekaa naye. "Usingemwomba, angekupa?" Hezekiah akafikiri, sitasema alikuwa na ubaya usoni. Akajibu, "Hilo mimi sijui, bwana. Kazi yangu ni kuomba."

Jaji akasema mtu mwema angekataa mara zote. Kwa sheria za Hali ya Hatari amehukumiwa kunyongwa.

Wakili amekata rufaa. Omba na mama. Usimwambie Wahu chochote, hata kama haelewi.

Ndugu yako,
Ogutu


Kawangware
4 Aprili 1954

Dada yangu,

Barua hii anakuletea Dalmas mkononi. Sikutaka ipite posta. Ukiisha kuisoma, uitie motoni.

Rufaa ilikataliwa. Kihara ameondoka, Alhamisi alfajiri. Nilisimama nje ya jela tangu giza pamoja na mama yake. Askari mmoja wa kwetu alitoka akatutikisia kichwa, basi. Nguo hawakutupa, mwili hawatupi, wamemzika humo ndani wanakojua wao. Mama yake aliniuliza aelekee upande gani akimwombea. Nikamwonyesha ukuta.

Niliruhusiwa kumwona kabla. Alikuwa na pingu miguuni na bado akafanya mzaha, akasema sasa kweli amenenepa, uji wa jela ni mzito. Akasema usinyoe nywele za ujane kama ilivyo mila yetu Wajaluo, maana anazipenda nywele zako. Kisha akasema, "Watu wote wamemuuliza Hezekiah, wamekuuliza wewe. Hakuna aliyeniuliza mimi kama nilitaka." Nikamuuliza. Akasema, "Nilitaka aondoke. Nilitaka tu yule mtu aondoke."

Hilo ndilo jibu lako, dada. Nimelibeba kama yai.

Sasa sikia jingine. Amekuja mtu. Si Hezekiah, huyu simjui. Anasema alicheza na Kihara utotoni. Anajua tunatengeneza bafu katika nyumba ya ofisa wa polisi kule Kilimani. Ananiomba kitu kidogo tu, siku nikitoka niache dirisha la bafu bila komeo. Labda ni wa msitu kweli. Labda ni wa serikali, wananipima kwa kuwa nilisimama mahakamani. Mara ya kwanza nilimkatalia. Mara ya pili pia.

Nitakuambia ukweli, kwa kuwa sijawahi kukudanganya. Mwaka jana mtu akiniomba hivyo ningemfukuza na koleo. Sikuwa na neno na mzungu yeyote, nilitaka mshahara na usingizi. Kihara alitaka mtu wake aondoke. Mimi sitaki huyu aondoke. Jioni nikitoka kazini namtafuta kwa macho.

Ndugu yako,
Ogutu


Asembo
18 Aprili 1954, Pasaka

Kaka yangu,

Sina salamu leo, nisamehe. Mama alilia mpaka kikohozi kikarudi. Baba aliposikia alitoka akaketi na wanaume, na mmoja wao alipomwita Kihara "yule Mkikuyu", baba akasema, "Huyo ni mkwe wangu," akarudi nyumbani. Sikunyoa nywele. Wanawake wananisema.

Barua yako nimeichoma. Sasa nisikilize mimi, mdogo wako. Huyo mtu, awe wa msitu au wa serikali, hakutaki wewe. Anataka mkono wako. Usimpe, na usimkatalie pia, kwa maana kila ukimkatalia anajifunza mahali penye ufa. Usimjibu kabisa. Acha koleo hapo mtaroni, panda gari moshi la jioni, uje. Tutakula tutakachopata.

Nina kaburi moja nisilojua lilipo. Usinipe la pili.

Barua hii anakuletea Dalmas mwenyewe. Amesema hatasimama popote.

Dada yako,
Philister


Asembo
23 Mei 1954

Kaka Ogutu,

Nakuandikia kwa anwani ya kalasinga, sina nyingine.

Dalmas amerudi na barua yangu mfukoni. Anasema alikuta jiji limezungukwa na askari, Wakikuyu wanapakiwa kwenye malori, na alipopata njia ya kufika Kawangware alikuta chumba chenu kina watu wengine. Kalasinga alimwambia uliacha kazi bila kuaga. Alipoulizwa kuhusu nyumba ile ya Kilimani alimfungia mlango, hakutaka kuzungumza. Baba anasema labda uko njiani, umelala kwa mtu Nakuru ukingoja pasi ya kusafiria. Anakwenda stesheni Kisumu na anarudi. Jana amekwenda tena.

Sikuulizi dirisha. Sikuulizi kama ulitaka. Niandikie mstari mmoja tu, hata kwa mkono wa mtu mwingine.

Dada yako,
Philister