Nilipoacha Peupe Kwenye Ramani

Jumatatu, 4 Juni 1956
Baridi ya Iringa leo si mchezo. Wino mzito, vidole havishikiki. Nachora mtaa wetu tangu asubuhi; Bwana Mpima kanipa mimi kwa kuwa ni mwenyeji. Mbele za nyumba nimezipima zote kwa mnyororo. Nyuma, uani, nimeacha karatasi nyeupe. Wanawake wamo humo. Nikaburute mnyororo katikati yao? Sijakosa adabu kiasi hicho.

Alhamisi, 7 Juni
Dada Mwanaidi yuko eda, mumewe kafariki Aprili. Miezi minne na siku kumi hatoki nje. Haoni barabara, lakini watu hawakosi. Wanawake hupita kichochoro cha nyuma, ua kwa ua mpaka kisimani, na hakuna mwanamume anayewaona. Bi Zaina wa jirani huja na uji kila asubuhi. Leo dada kacheka. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nimefurahi mno.

Jumanne, 19 Juni
Mpango wa mji mpya umerudi. Barabara pana, imenyooka, inakata mtaa katikati. Inapita pale pale nilipoacha peupe. Bwana Mpima kachangamka: kapata nafasi tupu, nyumba za kuvunja ni chache. Kichochoro chote basi. Nyumba yetu na ya Bi Zaina zimo.

Jumatano, 20 Juni
Nimemweleza Bwana Mpima. Kauliza mbona sikuchora. Nikamwambia kwa nini. Hakucheka. Kasema mji wa kisasa unataka hewa na njia ya magari, na ramani imeshapitishwa Dar es Salaam. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumua.

Ijumaa, 6 Julai
Baada ya swala wazee wameniagiza niandike barua. Hatukuomba barabara ihamishwe, nani angetusikia? Tumeomba wasubiri dada atoke eda, mwisho wa Agosti. Hayo tu.

Jumanne, 17 Julai
Jibu limekuja. Mstari mmoja. Haiwezekani.
Sheikh kasema hii ni dharura, dada anaweza kuhamishwa. Dada hajui kosa ni la nani. Sijamwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 23 Julai
Wamevunja nyua. Vibarua na sururu zao, na wanawake wamesimama juani na masufuria, kila mpita njia anawatazama. Bi Zaina kanifuata mbele za watu.
"Mwanangu, umekula kwangu tangu mdogo. Kwenye karatasi ukaona hatupo?"
Dada alikuwa nyuma yangu, kagubikwa shuka. Kasikia yote.

Jumamosi, 4 Agosti
Kiwanja kipya. Nyumba ya matofali, madirisha mawili, bati. Wenzangu ofisini wananipongeza. Laiti wangejua. Kila nyumba imesimama peke yake, mlango unatazama barabara. Kwenda kwa jirani lazima ukatize uwanja ambao wanaume wanashinda hapo. Mchana mwanamke wa kwetu hapiti. Bi Zaina kapewa kiwanja upande wa pili wa mji, kakikataa, kaenda kwa mwanawe huko Rujewa. Dada ananipakulia chakula, hanisemeshi.

Jumatano, 15 Agosti
Hakuna aliyekuja kumwona dada. Siku ya kumi na moja hii.

Jumapili, 26 Agosti
Eda imekwisha leo. Siku hii wanawake wa mtaa huja asubuhi, wakamwogesha mjane, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Nilituma salamu kila nilikojua. Nikachemsha maji. Nikaweka kanga mpya kitandani. Tukangoja mpaka adhuhuri.

Dada kachukua ndoo, kaingia bafuni mwenyewe. Nilikaa nje nikamsikia akijimwagia maji. Mara moja, kimya, mara nyingine.

Katoka kavaa ile kanga. Kafungua mlango wa mbele, kaitazama barabara yote.

"Haya, naruhusiwa kutoka," kasema. "Niende kwa nani?"

Karudi ndani, kafunga mlango taratibu.