Barua Uliyomwandikia Baba

Mlandege, Unguja
9 Machi 2023

Kwako dada yangu Bahiya,

Shikamoo. Natumai wewe, shemegi na watoto mu wazima huko Maskati, na kile kifua chako kimepata nafuu. Sisi tupo, twamshukuru Mungu, ila nyumba imepooza tangu Baba atutoke. Arubaini tumeisoma juzi. Nilipika pilau mwenyewe, ikaungua chini, na watu wakaila hivyo hivyo kwa adabu.

Siku ya maziko uliniuliza kwa simu kama Baba aliisoma barua yako. Nikakujibu kuwa aliisoma. Neno hilo limenikaa kooni, na kwa simu siwezi kulitoa, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua sukari ilimmaliza macho. Mimi nashinda dukani, basi nikamtilia vitabu vya kusikiliza kwenye simu, na visivyopatikana nikamsomea na kumrekodia kwa sauti yangu. Alisikiliza kutwa, lakini ole wako umwambie amesoma! Anakuja juu. Jirani yetu Bwana Ubwa alibishana naye barazani kila asubuhi, akidai maneno ni yale yale, yaingie kwa jicho au kwa sikio. Baba akamjibu kwamba miaka thelathini amesomesha watoto na tofauti anaijua: anayesoma hurudi nyuma akahakikisha, anayesomewa hana budi kumwamini msomaji. Ubwa akamcheka kuwa ualimu haujamtoka. Nami nilicheka.

Barua yako ilipofika, baada ya miaka kumi na moja ya kimya tangu uolewe bila idhini yake, Baba aliipapasa, akainusa, akaniambia nimrekodie aisikilize peke yake. Nikaingia chumbani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu na habari za watoto. Wa pili ndimo ulimomwomba radhi.

Dada, wa pili sikuusoma. Miaka sita nilimwogesha, nikamlisha, nikamkata kucha, na akilala jina analolitaja ni lako. Nikaona ukipewa radhi kwa karatasi moja, mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo? Ni husuda, siipambi.

Aliisikiliza tena na tena. Alasiri akaniita, akauliza kama ndiyo mwisho. Nikamwambia ndiyo mwisho. Akauliza kama nina hakika hukuomba radhi, kwani yeye keshaiweka tayari, anangoja kuombwa tu. Nikamwambia hukuomba. Akageukia ukutani. Nikajiahidi kwamba kesho nitamwambia, na kesho yake nikajiahidi tena. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, akafariki.

Kwa hivyo Baba hakuisoma, dada, na alichokisikia hakikuwa barua yako. Radhi yake ilikuwapo na mimi ndiye niliyeizuia. Nataka kukuomba unisamehe, lakini uso wa kukuomba sina.

Wasalimie watoto na shemegi. Ukitaka kunijibu, nijibu, usipotaka, nitafahamu. Ukurasa wa pili nimekutilia humu ndani ya bahasha. Ile sauti ningali nayo simuni, na mwisho wake nasikika nikiukunja ukurasa huo.

Ni mimi nduguyo,
Muzna