Fardosa Wawili

Jumatatu, 4 Agosti

Vumbi tena kwenye feni ya kompyuta. Nimelipuliza, nimelisugua kwa brashi ya rangi, mashine imeanza kupumua. Joto la Garissa linaua diski kabla ya siku zake. Mume wangu Mutua na watoto wako Mwingi kwa likizo. Nyumbani kimya. Studio ndiyo haina kimya.

Agosti ni mwezi wa arusi. Watu wameshuka kutoka ughaibuni, kila mtaa una hema. Wiki iliyopita tumepiga video za arusi mbili. Bibi arusi wote wawili wanaitwa Fardosa Abdi. Mmoja ameolewa Hulugho, mbali kule mpakani. Mwingine ni binti wa Hooyo Sahra, yule mama wa duka la vitambaa.

Mimi na mwenzangu wa studio, Hubbi, tunapiga upande wa wanawake tu. Mlangoni simu zote zinakusanywa kwenye beseni. Kamera inayoingia ni yangu peke yake. Ndani mitandio inavuliwa, nywele zinafunguliwa, wanaimba buraanbur, yale mashairi yao ya kusifiana, na kucheza mpaka moshi wa uunsi, ubani wao, unawatoa machozi. Mwanamume haruhusiwi kuona hata kiwiko. Wanatuita kwa sababu wanatuamini. Mimi Mkamba, Mkristo, na bado wananiamini. Najivunia hilo. Sijifichi.

Hubbi amezaliwa hapa. Anajua kila nyumba, na nani kakosana na nani. Leo ameinama kwenye kioo cha kompyuta akasoma kwa sauti: FARDOSA. FARDOSA FINAL. FARDOSA FINAL 2. FARDOSA FINAL MPYA. FARDOSA MWISHO KABISA.

"Abaayo," akasema, yaani dada, "hii si kompyuta. Hii ni soko ya mbuzi."

Nimecheka. Nimesema nitapanga kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Sikupanga.

Stima imepotea, imerudi, imepotea. Nimejaribu kupandisha video za mwaka jana kwenye hifadhi ya mtandaoni, maana diski ya zamani imeanza kutoa mlio kama mtu anayetafuna barafu. Asubuhi kamstari ka kijani kafupi. Jioni kamstari kalekale. Hubbi ameleta anjera na maziwa ya ngamia. Tumekula tukikatazama kale kamstari kama watu wanaosubiri mvua.

Siku nzuri, hata hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji yake Fardosa wa Hulugho amekuja mbio. Gari linaondoka na mizigo ya bibi arusi, anataka flashi yao sasa hivi. Dereva anapiga honi nje. Nimenakili FARDOSA FINAL MPYA, nimetia flashi kwenye bahasha, nimegonga muhuri wa studio, nimempa. Kwaheri, salimia watu.

Kazi moja imeisha. Nimejinunulia tikiti maji zima na kulila peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nataka kulia.

Leo nilifungua FARDOSA FINAL 2 ili niikague kabla ya kuwapelekea kina Hooyo Sahra. Akatokea bibi arusi mrefu, mkufu wa dhahabu hadi kitovuni. Huyo ni wa Hulugho. Nikakaa. Nikafungua FINAL MPYA. Akatokea Hooyo Sahra katika gauni la dirac la manjano, nywele wazi, anacheza katikati ya duara, anazungusha mtandio juu ya kichwa kama mwenye kufukuza ndege shambani.

Nimepeleka Hulugho arusi ya watu wengine. Na nimemkabidhi mwanamume.

Nimempigia simu yule shemeji. Hapatikani. Nimepiga tena, na tena. Hubbi amesema akishapita Masalani mtandao ni wa bahati.

Nikasema tusimwambie Hooyo Sahra bado, tungoje, huenda flashi ikarudi kabla hajajua. Hubbi akafunga mtandio wake. "Hii mji ni ndogo. Akisikia kwa mtu mwingine, tumekwisha. Akisikia kwa sisi, tumeumia tu. Twende."

Tumekwenda. Hooyo Sahra alikuwa anapima kitambaa. Nikasema yote bila kupumzika, maana ningepumzika nisingeendelea. Akaweka mkasi chini.

"Nywele yangu iko Hulugho?"

"Ndiyo, hooyo."

"Na mimi nacheza?"

"Unacheza, hooyo."

"Ile ya mwisho? Ya mtandio?"

"Hata hiyo."

Akavuta kiti akakaa. Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Wateja wawili waliingia, akawahudumia kwa upole wote, wakaondoka. Kisha akaniuliza jambo ambalo halinitoki kichwani tangu mchana.

"Na kwa kombyuta yako, mimi nitaendelea kucheza mbaka lini?"

Miaka sita ya arusi imo mle ndani. Akina mama wa nusu ya mji huu, nywele wazi, wanacheza kwenye diski zangu, na sijawahi kumwuliza hata mmoja wao kama bado anataka kuwemo. Nilijiona mtunzaji. Leo nimejiona mtu aliyeacha mlango wazi.

Sikulaumu joto, wala stima, wala honi ya gari. Mvivu ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijapika. Nimeshinda na simu mkononi. Shemeji bado hapatikani. Nimewaza sebule ya Hulugho, wanaume wamejaa kwenye mikeka, runinga inawashwa. Nimewaza studio imefungwa. Nimewaza Mutua akiniuliza ilikuwaje.

Wanaume walipokuwa msikitini, simu ya studio ikalia. Namba ngeni. Mwanamke, sauti nene, Kisomali kitupu. Nikampa Hubbi haraka kama kaa la moto. Alikuwa Eddo Batula, mama mkwe wa Fardosa wa Hulugho. Namba ya studio aliisoma kwenye muhuri wa bahasha.

Hubbi akasikiliza. Uso hausomeki. Haye, anasema. Haye, haye. Mimi namvuta mkono: nini, nini? Halafu akaanza kucheka. Akacheka akaegemea ukuta. Nilitaka kumpiga kiatu.

Mambo yalikuwa hivi. Eddo Batula alimpokea kijana garini jana akanyoosha mkono hapohapo: lete. Vitu vya wanawake havilali mfukoni mwa mwanamume. Akaifunga bahasha kwenye pindo la mtandio wake, akalala nayo. Leo amengoja wanaume wote waende swala, akawaita wanawake wa majirani, akafunga mlango, akawasha runinga ya sola.

Wakatazama. Bibi arusi hawamjui. Mama zake hawawajui. Wakaulizana. Wakajua kuna kosa.

Na hawakuzima.

Wametazama hadi mwisho. Eddo Batula amekiri mwenyewe, wala hana haya. Halafu amepanda mahali penye mtandao ili aulize jambo moja: yule mwanamke wa manjano ni nani? Mashairi aliyomtungia binti yake yamewaliza wanawake wa Hulugho. Na ule mchezo wa mtandio wameanza kuujaribu.

Hakuna mwanamume aliyeona. Hakuna.

Nimekaa sakafuni nikalia. Sasa Hubbi ndiye aliyekuwa ananishangaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi na mapema tumekuwa dukani kwa Hooyo Sahra. Hubbi alisimulia. Nilimtazama mama yule usoni. Hasira ilikaa palepale kwa muda, halafu ikaanza kuchoka.

"Ni wanawake tu?"

"Wanawake tu, wallahi."

"Walilia?"

"Wamelia, habaryar," Hubbi akajibu, akimwita mama mdogo.

"Shairi ya wabi iliwaliza? Ya kwanza, ama ile ya mama yangu?"

Hubbi hakuwa na hakika. Hooyo Sahra akaona hilo ni uzembe. Akadai namba. Tukapiga mara nyingi ndipo tukampata Eddo Batula, na wakaanza kusalimiana. Salamu za Kisomali ni safari: mifugo, mvua, watoto, wagonjwa, afya ya watu ambao hawajawahi kuonana. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya vitambaa kama mshtakiwa.

Mwisho Hooyo Sahra akatoa hukumu. Hubbi alinitafsiria akijizuia kucheka. Amesema: mimi nimeonwa, haki yangu na mimi nione. Anataka kutazama arusi ya Hulugho, yote, na Eddo Batula akicheza.

Halafu ile sauti nene ikacheka mpaka simu ikakwaruza. Eddo Batula amekubali. Fardosa wake alikuwa kando yake, naye akakubali. Sharti moja tu: sehemu ambayo Eddo Batula aliteleza kwenye zulia isirudiwe mara mbili.

Imerudiwa mara nne. Nilikuwepo. Dukani, mlango umefungwa, binti zake wote ndani, laptopu yangu juu ya mafungu ya vitambaa. Hooyo Sahra amecheka hadi ameshika ubavu, halafu ameomba radhi kwa Mungu, halafu amesema rudisha kidogo.

Nilipokuwa nafunga laptopu akanishika mkono. Hakuwa anacheka tena. "Mwikali. Safari hii ni Mungu amefunika. Siku ingine ufunike wewe."

Nimesema ndiyo. Nilimaanisha.

Jumatatu, 11 Agosti

Flashi imerudi Garissa na dada yake Eddo Batula, mwanamke kwa mwanamke. Nimeipokea kwa mikono miwili. Ile sahihi imekwenda Hulugho kwa mkono uleule.

Studio imefungwa leo. Tangazo mlangoni: TUNAPANGA. Mimi na Hubbi tumegombana tangu asubuhi kuhusu majina. Mimi nilitaka jina la bibi arusi na tarehe. Yeye akasema tarehe yenyewe watu wanafunga arusi tano kwa siku, na jina moja mimi naandika Mohamed, yeye anaandika Maxamed, kitambulisho kinasema Muhamed, kompyuta itatafuta hadi Kiyama. Nikasema basi babu. Akasema mababu nao ni Abdi wote. Tukabishana hivyo mpaka chai ya saa nne.

Wakati wa chai nikauliza: nyie mkizungumzia arusi ya nani mnasemaje? Akajibu bila kufikiri: "Arusi ya Sahra." Arusi ni ya mama. Anayealika wanawake ni mama, anayetunga shairi ni mama, anayetakiwa kucheza ni mama. Tukatazamana.

Sasa kila folda ina jina la bibi arusi, la mama yake, na mtaa. Neno FINAL ni marufuku. Anayeliandika ananunua chakula cha mchana. Hubbi amelipa leo.

Jumatano, 13 Agosti

Bado tunapanga. Macho yanawasha. Tumekuta arusi moja imehifadhiwa mara saba na nyingine haipo kabisa. Tumekuta picha za pasipoti ndani ya folda ya henna. Tumekuta nusu saa nzima ya dari, nilipoisahau kamera ikiwa wazi nikaenda kula.

Mambo mengine tumeyaamua. Kila flashi sasa ina nywila, na nywila anapewa bibi arusi kwa mdomo. Flashi haitoki kabla hatujaifungua mbele ya mwenyewe. Na lile swali la Hooyo Sahra: mwenye arusi akishapokea na kuridhika, anachagua. Tufute, au tutunze. Akisema tufute, tunafuta akiwa amekaa hapo anaona.

Yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Amekuja na Fardosa wake. Nilitegemea aseme futa. Amewaza, amezungusha bangili. Wameshauriana. Amesema tutunze mpaka binti wa pili aolewe, apate kulinganisha. Baada ya hapo futa.

Nimemwambia Mutua yote kwa simu. Amecheka sehemu zisizofaa.

Jumamosi, 23 Agosti

Wiki nzima wanawake wamekuja kuchagua. Wengi wanasema futa. Nafuta, wanashusha pumzi, wananunua fremu. Mmoja aliyeachika alitaka abofye mwenyewe. Nikampisha. Alibofya kwa kidole cha kati.

Simu hazikomi. Hulugho wanatuhitaji baada ya mvua, arusi tatu. Eddo Batula ndiye anayetutangaza. Anawaambia watu, hawa wakikosea wanasema.

Jumatatu, 25 Agosti

Joto limepungua kidogo. Upepo kutoka mtoni.

Leo asubuhi alikuja mwanamke anayeitwa Ifrah, mwalimu wa chekechea. Tulipiga arusi ya dada yake miaka minne iliyopita. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: tufute au tutunze. Akaniuliza kama mama yake yumo. Hubbi akanigusa mguu chini ya meza. Mama alifariki mwaka jana.

Nikatafuta jina la mama. Folda ikaja mara moja. Nikafungua, nikasogeza kiti, nikatoka nje na Hubbi, nikaurudisha mlango. Tumekaa kwenye kizingiti. Ndani ilisikika ngoma, vigelegele, na sauti ya mama mmoja akianza shairi na wengine wakimwitikia.

Ilipokwisha akatuita. Uso umelowa, umetulia. Akasema tutunze. Akasema pia anayo simu mpya, anaweza kupata nakala yake?

Nimemnakilia. Nimeifungua mbele yake kuhakikisha ni yenyewe. Akatia nywila mwenyewe, nikaangalia pembeni.

Jioni nimeweka nakala nyingine kwenye diski mpya. Nimefunika kompyuta kwa kanga kwa sababu ya vumbi. Mutua na watoto wanarudi kesho. Nimeloweka maharagwe.